Namba Chini ya Rangi

"Namba iko wapi?"

Mkaguzi alikuwa ameinama ndani ya boneti, kichwa na mabega vyote humo, kiasi kwamba swali lilitoka kama linaulizwa na injini. Baba alimgeukia fundi rangi, na fundi rangi akageuka kuutazama ukuta wa uwanja wa ukaguzi, ambao haukuwa na chochote cha kutazamwa.

Fundi huyo tulimwita Kioo, kwa sababu gari lililopita mikononi mwake ungeweza kunyolea ndevu mlangoni pake. Asubuhi ile alivaa shati lililopigwa pasi akatufuata, baba, mama na mimi, bila kualikwa, aje asikie akisifiwa. Sasa alisema polepole, "Pale palikuwa na makovu makovu, mkuu. Nikayaziba kwa puti."

"Makovu?"

"Kama mikwaruzo hivi. Yalikuwa yamejipanga, hilo nililiona. Lakini nikasema, gari zuri namna hii, makovu ya nini?"

Mkaguzi alitoa kichwa nje. "Makovu hayo ndiyo jina lake. Karatasi za bandarini zina namba, chuma hakina. Nikilisajili hivi, kesho nitaulizwa nimesajili gari la nani."

Gari lile lilinizidi umri. Baba mdogo, aliyekuwa akiishi ng'ambo, alilikuta kwenye ghala la mtu, akalinunua na kumtumia kaka yake kwa meli. Baba alikuwa dereva maisha yake yote ya kazi, na la kwanza kukabidhiwa, akiwa kijana, lilikuwa la aina hiyohiyo, lenye taa za duara na usukani mwembamba. Wenye magari walibadilika, wengine wakazikwa, yeye akabaki palepale mbele akiendesha mali za watu. Alipostaafu alitaka jambo moja tu: kuliendesha gari lake mwenyewe barabarani, mchana kweupe, likiwa na namba. Hakutaka kulikodisha kwa maharusi wala kuliuza. Mama alilipokea kwa shingo upande, akaliita mke mwenza. "Mwambieni mke mwenzangu chai iko tayari," alikuwa akisema, maana baba alishinda bandani akilipangusa.

Tatizo lilikuwa macho yake. Nyumbani tulilijua kama watu wanavyojua wakati wa kiangazi kwamba paa linavuja, na hakuna anayepanda juu. Alikitafuta kikombe cha chai kwa kidole. Mgeni akiingia, alisubiri asikie sauti kwanza ndipo amkaribishe kwa jina, kwa furaha kubwa mno. Nikimuuliza yanaonaje, alinijibu, "Yanaona yanachotaka." Mimi ndiye niliyerithi kazi yake, niliendesha gari la kusambaza mikate, na yeye ndiye aliyenifundisha. Nilimwambia mama kwamba baba hapaswi tena kushika usukani. Akasema, "Najua. Mwache apate namba yake kwanza." Basi siku hiyo nilikuwa na hofu mbili. Niliogopa gari likataliwe, na niliogopa likubaliwe.

Kioo alinyoosha mkono kuchukua msasa. Baba akampokonya. "Wewe umeshamaliza," alisema, akaanza kukwarua mwenyewe. Rangi ya buluu ilidondoka unga juu ya viatu vyake, puti ikafuata, kisha chuma kikajitokeza. Mpaka leo sehemu ile haijapakwa tena, na Kioo kila akifungua boneti hugeuza uso.

"Nisomee, mzee, niandike," alisema mkaguzi.

Jua lilikuwa la utosini, na namba zilionekana hata pale niliposimama mimi. Baba aliweka vidole vyake juu ya chuma, akavipitisha taratibu, huku uso ameuelekeza kwenye geti.

"Saba," alisema. "Nne. Moja. Tatu."

Mkaguzi, aliyekuwa na karatasi za bandarini mkononi, alisimamisha kalamu. "Rudia hiyo ya mwisho."

Vidole vilirudi, vikazunguka mara moja, mara ya pili. "Nane," alisema baba. "Samahani. Ni nane."

Mkaguzi alinitazama, nami nikatazama chini. Niliona aibu, kisha nikamchukia mtu yule, ingawa kosa lake lilikuwa kuona kwa dakika moja jambo nililolifumbia macho kwa muda mrefu.

Namba zilizobaki walizimaliza pamoja, baba akipapasa na mkaguzi akiitikia. Kisha mkaguzi akasema limebaki shimo tu: gari lipande juu yake, naye ashuke chini kulitazama tumbo. Kabla hajamaliza, baba alikuwa ameshafungua mlango.

"Baba, niachie mimi."

"Hili ni gari la nani?" aliuliza, akaketi.

Mkaguzi angeweza kumkataza, na sheria ingekuwa upande wake. Alikwenda kusimama ng'ambo ya shimo, akainua mikono kuongoza kama wanavyofanya wote, kiganja huku, kiganja kule. Kisha akaishusha, akaiingiza mifukoni.

"Njoo, mzee," alisema kwa sauti. "Taratibu. Kulia kidogo. Nyoosha. Usukani uache hapohapo. Njoo, njoo."

Magurudumu yalipita kwenye kingo mbili za saruji, shimo likiwa katikati. Nilikuwa nimeubana mkono wa mama bila kujua. Yeye ndiye aliyeniambia baadaye kwamba nilimuumiza.

"Simama."

Gari likasimama kwa namna aliyonifundisha, abiria asijue lilisimama lini. Akazima. Hakutoka. Mkaguzi alishuka shimoni, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa gari safi kama lile. Alipopanda alikwenda dirishani.

"Mzee, gari lako limepita."

"Asante, mwanangu."

"Nimekagua gari tu. Dereva sijamkagua."

Mikono ya baba ilikuwa bado usukanini. "Nimekusikia," alisema.

Tulipewa vibao vya namba, Kioo akavifunga, tukamwacha akimweleza mlinzi wa geti kwamba puti yenyewe ilikuwa nzuri. Baba alinipa ufunguo bila kunitazama. "Gia ya pili ni ngumu," alisema. "Usiilazimishe." Akazunguka gari kwa kuliegemea, akaketi upande wa abiria. Mama aliketi nyuma.

Ilikuwa saa ya joto, watu wamejifungia ndani. Maduka yameshusha milango nusu, kando ya barabara hakuna mtu. Tulikwenda mpaka tukaingia mtaa wetu. Baba akakohoa.

"Watu wanatuangalia?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayelalamika.

"Wamejaa. Hata muuza magazeti ameacha biashara yake, amesimama mdomo wazi. Si umpungie mkono? Yuko upande wako."

Baba alishusha kioo, akatoa mkono nje, akapunga.

Nikapunguza mwendo, wamwone vizuri.