Kikombe cha Bluu cha Eva

Nina kitendawili nilichokitunga mwenyewe, na jibu lake lipo njiani, msinikimbize: nimekiosha mara mia, bado wanasema kichafu.

Mjukuu wangu Eva alipata mimba akiwa kidato cha pili. Wakati ule msichana akipata mimba, shule ndiyo imekwisha. Akarudi kwetu huku Endabash na begi lake, akajifungua mtoto wa kiume, Modest. Lakini alitaka kuwa muuguzi, si kitu kingine. Kila asubuhi alikamua huku akikariri sehemu za moyo kwa sauti, na nadhani ng'ombe wetu anazijua kuliko mimi.

Mume wangu Emilian ni Mwiraqw wa kizamani. Kwetu zamani msichana aliyezaa bila kuolewa aliwekwa metimani, yaani alitengwa: haingii nyumba za watu, hatumii nao chombo kimoja. Majirani wengi walishaiacha desturi hiyo, ila Emilian hakuiacha yote. Hakumfukuza Eva, alimpenda mno. Alimnunulia tu kikombe chake cha bati, cha bluu, akakipigia msumari wake peke yake karibu na mlango. Mwingine akikinywea, na yeye ametengwa. Basi mimi nikawa nakiosha, nakiosha.

Ikafika zamu yetu ya kuwapokea wanajumuiya kwa sala. Wakaja watu ishirini pamoja na mvua, na vikombe vyangu ni kumi na sita. Jirani yangu Angelina alinisaidia kugawa chai, akakusanya kila kilichoning'inia. Nikaja kukiona kile cha bluu mkononi mwa Piusi, mwenyekiti wa kijiji. Nikanyamaza. Nilinyamaza makusudi, Mungu ananijua. Kikasuuzwa, kikaenda kwa Fabian, katekista wetu. Kikasuuzwa tena, kikaenda kwa Emilian, aliyekuwa akisimulia habari za mahindi yake. Akanywa, akaomba nyingine. Ya pili ilipofika ndipo akaona rangi.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Msumarini," nikamjibu.

Uso ukamshuka. Ikabidi aeleze, maana watu walidhani chai imemuunguza. Kwa desturi ile, yeye, mwenyekiti na katekista walikuwa wametengwa wote watatu. Angelina akauliza taratibu Jumapili nani ataongoza sala, na mkutano wa kijiji wa Ijumaa utaendeshwa na nani, nyumbu wa kreta kule mbugani? Piusi ndiye aliyeanza kucheka. Emilian akacheka wa mwisho, tena kidogo, lakini chai aliimaliza.

Mkutano huo wa Ijumaa haukuwa mdogo. Afisa mmoja mwanamke alikuwa anapita vijijini kuandika maoni ya watu: wasichana waliozaa warudi shule au wasirudi? Mwaka uliotangulia swali hilo lilipoulizwa kwetu, hakuna aliyenyoosha mkono. Eva aliyajua hayo. Akakaa nyuma kabisa, Modest mgongoni, macho chini.

Afisa alipouliza, watu wakaanza kutazamana. Nikasimama.

"Kitendawili."

"Tega," wakaitika, na afisa naye.

"Nimekiosha mara mia, bado wanasema kichafu."

Wakajaribu sufuria, wakajaribu roho, mmoja akajaribu miguu ya Fabian. Wakashindwa, wakanipa mji. Arusha nikaikataa, ni mbali, nikapokea Karatu.

"Ni kikombe cha Eva," nikasema. "Mwenyekiti amekinywea, katekista amekinywea, na mume wangu alirudia. Waangalieni, wazima wote."

Walipomaliza kucheka, Emilian akainuka. Mzee huyu mkutanoni huwa anasinzia tu.

"Andika, mama," akamwambia afisa. "Mjukuu wangu arudi shule. Nilimtenga bure."

Mikono ikapanda. Sikuihesabu, nilikuwa namtazama Eva, naye alikuwa ameinua uso.

Sisemi serikali ilibadilika kwa chai yangu. Vikombe vya namna hiyo vilikuwa vingi nchi nzima, na watu walishaanza kuvinywea kabla ya waraka kuandikwa. Ila mwezi wa kumi na moja, mwaka 2021, redio ikatangaza kuwa waliozaa wanaruhusiwa kurudi darasani. Eva akaruka na ndoo ya maziwa ikapinduka, na siku hiyo hakuna aliyemgombeza.

Januari Emilian alimbebea Eva begi mpaka geti la shule. Akarudi haraka, maana mchana ni zamu yake ya kumbeba Modest. Akaketi, mtoto mapajani, akadai chai. Nikamletea kwenye kikombe cheupe.

"Kile cha bluu kiko wapi?" akauliza. "Chai yake ndiyo tamu."

Nikamwambia kuwa Eva ameondoka nacho, wakinywee na wenzake shuleni. Mzee akanuna kidogo, kisha akanywa.