Kiapo Alichokiri Gichovi

Mama mwenye mtoto aliyesoma, hasa wewe uliye Embu au Meru wakati huu wa Hali ya Hatari, kaa chini unisikie. Naitwa Wambeti. Niliishia darasa la nne, na kalamu yangu ni nzito, lakini jambo hili nikilinyamazia litamkuta mwingine.

Mwanangu Gichovi alimaliza shule kule Kaaga, akaajiriwa Embu kwenye kituo cha kilimo kuangalia magonjwa ya kahawa. Mwaka wa hamsini na tano akaja Mzungu mmoja, si wa serikali, ni mwalimu wa chuo kikuu huko Ulaya, kukusanya matunda ya kahawa yaliyooza. Gichovi akamwonyesha alivyokuwa akikwaruza gome la tawi kutafuta ugonjwa kabla tunda halijaharibika. Mzungu akaandika jina lake. Baada ya miezi minne ikaja barua ya kumwita akasome, pamoja na kitabu chembamba chenye picha.

Tulikiangalia nyumbani, yeye akinitafsiria. Chuo chenyewe si kikubwa sana wala si kidogo.

"Ndio uzuri wake, Mama. Mwalimu anakujua kwa jina. Na kazi yao ya magonjwa ya mimea inasifiwa kila mahali. Tazama hii nyumba ya vioo. Nje ni theluji, ndani wanawasha moto, wamepanda kahawa."

"Kahawa inafunikwa kama mtoto mchanga!"

"Na wanafunzi wametoka nchi thelathini na moja. Misri, India, Gold Coast, Uajemi. Wanakula meza moja."

"Nani amewapa pasi ya kukaa pamoja?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuwa natania. Sisi kwenda Meru tu tulihitaji karatasi ya chifu.

Nafasi yake ilikuwa ya mwezi wa kumi. Asipofika, angepewa mwingine. Pasipoti haikupatikana bila cheti cha uaminifu, na cheti hakikupatikana bila kuchujwa.

Kuchujwa mnakujua. Unaingizwa ndani ya seng'enge, unakaa chini, unaulizwa ulikula kiapo cha watu wa msituni mara ngapi. Hawakuulizi kama ulikula. Gichovi hakula. Kiapo kilipopita kwetu yeye alikuwa bwenini Kaaga, na ndivyo alivyosema. Wakamketisha juani. Siku ya pili akasema vile vile. Siku ya tatu nilimwona kwa mbali, hana viatu, na jicho moja limefumba.

Jirani yangu Jedidah akanikuta nachemsha viazi.

"Wambeti, huyo kijana wako amesoma mpaka akawa mjinga?"

"Hakula, Jedidah."

"Na nani amekuuliza kama alikula? Wangu hakukionja hicho kiapo, lakini alisema alikula, tena akaongeza chumvi. Saa tisa alikuwa kwangu na cheti mfukoni, anauliza kuna nini cha kula. Wanaokataa ndio wanaopakiwa lori kupelekwa kambini."

Alisema kweli. Kijijini kwetu ndivyo tulivyofanya. Tulikuona kukiri ni kama kuchanjwa: unaumwa kidogo, unaachiliwa uende zako.

Nikabeba viazi mpaka kwenye seng'enge. Hom gadi mmoja, askari wa kijiji, akageuza uso, akanipa nafasi.

"Mwanangu, sema ulikula."

"Na Mungu nitamwambia nini?"

"Mungu anajua ulikuwa Kaaga. Hawa ndio hawajui."

"Wataniuliza nani alinilisha."

"Mtaje Mbaka. Ameshakufa, watamfanya nini?"

Alinitazama kwa lile jicho zima. Kiazi alikimenya, hakukila.

"Mwezi wa kumi, Mama," akasema, kama mtu anayejikumbusha njia.

Jioni alikuja na cheti. Nilipiga vigelegele, majirani wakaitikia. Gichovi aliingia ndani akalala.

Baada ya wiki sita tukaitwa ofisini kuchukua jibu la pasipoti. Nilivaa gauni la kanisani. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa amekaa, na pembeni yake karani Kivuti, mtu wa upande wetu. Kile kitabu cha chuo kilikuwa mezani. Gichovi ndiye aliyekituma pamoja na maombi yake, ili waone chuo ni kizuri. Ukurasa wa zile nchi ulikuwa umepigwa mistari ya wino mwekundu.

"Nchi thelathini na moja," akasema Bwana Shauri, kwa kile Kiswahili chao. "Misri iko. India iko. Hawa hapana penda serikali yetu. Nani nachunga hawa?"

"Wanasoma, Bwana," Gichovi akajibu.

"Wewe nakula kiapo. Wewe nasema mwenyewe. Sasa nataka kaa meza moja na Misri?"

"Cheti kinasema mimi ni mwaminifu."

"Cheti ya kutembea Embu. Hapana ya kutembea dunia."

Hapo nikafanya kosa la pili. Nilisimama.

"Bwana, hakula! Mimi ndiye niliyemwambia aseme!"

Kivuti akaacha kuandika. Akaniambia polepole, kwa Kiembu, ninyamaze. Sikunyamaza. Nilieleza yote, bweni la Kaaga, viazi, na jina la marehemu. Bwana Shauri alinisikiliza mpaka mwisho bila hasira, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Kama yeye nakula, hapana pasipoti. Kama hapana kula, yeye nadanganya serikali, cheti ya uongo. Sema, mama. Gani? Karani naandika."

Nikamgeukia Gichovi anipe la kusema. Yeye akatoa cheti mfukoni, akakiweka juu ya kitabu.

"Sikula kiapo," akasema. "Andika hivyo, Kivuti. Na Mbaka umfute. Nilimsingizia."

Kivuti aliandika. La Mbaka hakulifuta. Alisema kwenye faili hapafutwi kitu, panaongezwa tu.

Walimchukua mchana ule ule. Mwezi wa kumi umepita, na mtu mwingine amekalia kiti chake kule. Nimeuliza kambi tatu, zote zinasema hayupo.

Jumatatu wanaanza kuchuja kijiji cha ng'ambo ya mto. Mama, kama una mtoto huko, mpelekee chakula, mpelekee maji. Usimtungie la kusema.