Chanjo Isiyoshika

Mama Vifungo alikuwa juu ya mizani ya wodi ya kusafisha damu muuguzi alipomwambia kwamba chanjo yake ya homa ya ini haikushika. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake kwamba sketi imechanika nyuma.

Alidhani kasikia vibaya. Sindano zote alichomwa. Siku moja, fundi cherehani huyu hata alimwacha bibi harusi na gauni lisilo na zipu ili awahi sindano. Muuguzi akamweleza kwamba figo zikichoka, na mwili nao huwa mzito kujenga kinga. Chanjo inayomtosha mtu mzima mwenye afya, mara nyingi haimtoshi anayesafishwa damu. Alistahili dozi maradufu tangu mwanzo.

"Mbona sasa hamkunipa?"

"Zilikuja za kawaida, mama. Tulichonacho ndicho tulichokuchoma."

Mdogo wake, aliyemsindikiza, alikwenda dirisha la dawa kuomba achomwe upya. Akarudi kanywea. Mtunza dawa kasema kompyuta inaonyesha dada yake kamaliza chanjo, na aliyemaliza hapewi tena. Alipomwambia haikushika, bwana yule alijibu kwamba kompyuta haina mahali pa kuandika hivyo.

Pengine hilo lingesubiri, kama si mashine za kusafishia damu. Ile iliyotengwa kwa wenye homa ya ini ilikuwa imeharibika, na sasa walitumia za wote. Mashine aliyopangiwa Mama Vifungo ilikuwa imetoka kumhudumia mmoja wa wenye homa hiyo. Kuisafisha kulihitaji karibu saa nzima, na foleni ilifika mlangoni.

"Ifute juu, muunganishe," msimamizi wa wodi alimwambia muuguzi. "Huyu kachanjwa."

Miguu ya Mama Vifungo ilikuwa imevimba hadi magotini, na akilala chali pumzi inakata. Kukosa kusafishwa damu siku ile kulikuwa kuchezea kaburi. Mdogo wake akamsihi akubali tu, Mungu yupo. Mama Vifungo akakaa kitini, lakini mkono akaukunja kifuani.

"Nasubiri isafishwe."

Msimamizi akamlaumu kwamba anawachelewesha wenzake. Basi Mama Vifungo akawageukia hao wenzake waliokuwa benchini, akawaeleza habari za dozi taratibu, bila kumtaja aliyemwambia. Mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, akamuuliza muuguzi kama na wao walichomwa ile ya kawaida. Muuguzi akakubali kwa kichwa.

"Basi na mimi nitasubiri," mzee akasema.

Msimamizi alitoka. Muuguzi akaiwasha mashine ijisafishe.

Kwa kuwa foleni ilikuwa palepale, muda ule wa kuisafisha ulikatwa kwenye zamu ya Mama Vifungo mwenyewe. Aliondoka na maji mengi mwilini, akishuka ngazi kwa kupumzika. Mdogo wake akashauri keshokutwa waje alfajiri, awe wa kwanza kwenye mashine kabla haijamhudumia mwenye homa.

Mama Vifungo akashika ukuta, akavuta pumzi.

"Na wa pili?" akauliza.