Kilo Mia Moja za Mzee Yoramu

Mzee Yoramu hakuwa na subira na watu wanaofungia vitu. Pale mtaani Nkuhungu jirani mmoja alifunga bomba kwa kufuli, mwingine alifungia redio kabatini, na wa tatu alificha hata gazeti la juzi. Wote aliwaweka katika fungu moja, la watu waliohamia mjini wakaiacha akili njiani. Lakini waliomkera zaidi walikuwa vijana wa kompyuta, waliofunga programu zao ili mtu asione zilivyoandikwa ndani.

"Anayeficha kazi yake," alikuwa akisema, "ama hakuifanya yeye, ama anaionea haya."

Yeye alianza kujifunza kuandika programu akiwa na miaka hamsini na sita, katika madarasa ya jioni, baada ya shirika la umma alilolitumikia kama karani wa ghala kubinafsishwa na makarani kuambiwa waende nyumbani. Wanafunzi wenzake walimpa shikamoo mlangoni, kisha wakamcheka wakishakaa. Mwalimu alisoma kitabu kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma tangazo la msiba. Yoramu akanunua kitabu chake na kamusi, akakipitia ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho. Waliomcheka walipata vyeti. Yeye alipata kazi ya kufanya.

Katika kitabu hicho ndimo alimosoma habari za programu huria: kwamba kuna watu wa mbali, wasiojuana, wanaoandika programu na kuziachia pamoja na maandishi yake yote ya ndani, kila mtu asome, arekebishe, amgawie mwenzake. Soko huria lilikuwa limewaletea mitumba, redio zinazokufa baada ya wiki mbili na vijana wenye tai wanaojiita washauri. Hili la programu peke yake lilikuwa na maana, na wala halikuwa na muuzaji.

Mwaka 2003 akatengeneza tovuti yake mwenyewe. Mwenye lori angeandika lori lake linabeba tani ngapi na linakwenda wapi. Mwenye mahindi angeandika shehena yake. Programu ingewakutanisha na kusema magunia mangapi yapakiwe. Chini kabisa aliandika: "Programu hii ni wazi. Ruhusa kuisoma, kuirekebisha na kuigawa." Jumamosi moja madalali na wafanyabiashara wa soko la Kibaigwa walikuja mjini kuchagua watumie yake au ya kijana mmoja, Charles. Kwa miaka ishirini na saba Yoramu alijaza fomu zilizobuniwa na watu wengine. Alitaka, kabla hajafa, watu wafanye kazi kwa kitu alichokibuni yeye.

Walikutana katika chumba cha intaneti chenye kompyuta sita, mbili zikiwa mbovu. Charles, kijana wa chuo aliyetoka Dar es Salaam, alianza. Programu yake ilipiga kengele, ikapitisha picha ya lori, ikaomba namba ya siri, ikaeleza kila kitu kwa Kiingereza. Yoramu aliitazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa koti la harusi kwenda shambani.

"Na ya kwako, mzee?" aliuliza Mwamvua, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kondoa, ambaye wenzake wote walimsikiliza. Alikuwa ameshika kipanya akikiinua juu ya meza kama pasi. Yoramu alimwona na kuguna.

"Ya kwangu haina kengele, mama. Inafanya kazi tu." Akaandika: lori, tani saba. Programu ikajibu: magunia sabini.

"Sabini?" Mwamvua akaacha kipanya. "Mzee wangu, hilo lori likitoka Kibaigwa na sabini, pale mizani ya barabarani dereva analala ndani."

"Hesabu haibishaniwi. Gunia ni kilo mia. Sabini ni tani saba."

"Gunia la wapi hilo la kilo mia?"

"La darasani hilo!" akadakia dalali Abdulwahab, na chumba kizima kikacheka.

Yoramu aliijua lumbesa. Aliyaona kila siku barabarani yale magunia yaliyoshonewa kipande cha juu, yakajazwa mpaka yakaota kichwa na mabega. Hakuwa amesahau. Aliidharau tu, na alichokidharau hakukiingiza katika kazi yake.

"Andika kilo mia na thelathini, tuchukue ya kwako," alisema Mwamvua. "Ya huyu kijana inataka Kiingereza, nani ana muda huo?"

Tarakimu tatu tu, na kazi ingekuwa yake. Yoramu akakunja mikono.

"Siandiki wizi."

"Wizi upi, mzee?"

"Mkulima analipwa gunia moja, ninyi mnabeba gunia na karibu theluthi. Nitafute jina gani lingine?"

Charles akasogea. "Lakini mzee, si umeandika iko wazi? Mtu yeyote anarekebisha?" Akaketi, akatafuta, akafuta mia moja, akaweka mia na thelathini. Programu ikajibu: magunia hamsini na matatu. Madalali wakapiga makofi. Charles hakuacha hata mstari mmoja wa kueleza kwa nini namba imebadilika. Anayekuja kesho aote mwenyewe! Hivyo ndivyo vijana walivyofundishwa.

"Vizuri," alisema Yoramu. "Umetumia haki yako. Ondoka kitini nitumie yangu."

Kwa nusu saa aliongeza mistari yake. Alipomaliza, akasoma kwa sauti ya karani:

"Lori tani saba. Magunia hamsini na matatu. Gunia linalolipwa, kilo mia. Linalobebwa, mia na thelathini. Mahindi ambayo mkulima hakulipwa: kilo elfu moja mia tano na tisini."

"Toa hiyo!" alifoka Abdulwahab.

"Itoe wewe. Iko wazi."

Walichukua nakala ya Charles: kazi ya Yoramu, na namba ya Charles. Wakashikana mikono, wakaenda kunywa soda. Mwamvua alibaki nyuma.

"Hiyo nyingine umemwandikia nani, mzee?"

"Mkulima. Anajua gunia limejaa, lakini hana mzani. Kilo zake ataziona kwenye mtandao."

"Mkulima wa kijijini Haneti? Simu yenyewe anapanda kilima kuitafuta. Umeme anausikia kwa wageni. Umemwandikia mtu ambaye hatakuja." Akajitanda khanga yake, akaondoka bila kucheka.

 Kwa lumbesa Yoramu alimdharau yule mama. Kwa neno hili hakuweza. Akasimama mbele ya Violeth, msichana wa chumba cha intaneti, aliyekuwa akipaka rangi kucha.

"Mashine ya kuchapa inafanya kazi?"

"Inafanya, babu. Ya rangi au nyeusi?"

"Nyeusi. Unadhani naoa?"

"Nakala ngapi?"

"Hamsini kwanza, za hesabu ile ya kilo. Herufi ziwe kubwa, wasomaji ni wazee wenzangu. Na basi la Haneti kesho linaondoka saa ngapi?"

Violeth alisema hajui. Mzee Yoramu hakutegemea kwamba angejua.