Roboti Jina Lake Kambale

Filamu yenyewe ilikuwa upuuzi mtupu, hilo lisemwe mapema. Jonan, mwenye kibanda cha video pale Bwera, aliifuata mwenyewe Kasese. Kwenye bango kulikuwa na roboti lenye macho mekundu na mji unaowaka moto nyuma yake. Wiki nzima Jonan alizunguka sokoni akiapa kwamba mashine hiyo ina akili kuliko profesa. Jumapili baada ya misa watu wakajaa hadi mlangoni kuja kuona vita. Wakaonyeshwa roboti limekaa dirishani.

Limekaa! Dakika arobaini linamuuliza mzee aliyeliunda eti roho ni kitu gani, na mzee anakuna ndevu.

"Célestin, hiyo roboti iko inangoja basi?" mtu akapaza sauti. Kibanda kizima kikacheka.

Célestin alikuwa kwenye kiti chake kando ya skrini, maiki mkononi. Kazi yake ilikuwa kutafsiri, na kutafsiri kule ni kupika: filamu ikiwa chapwa, mtafsiri ndiye chumvi. Wazungu anawapa majina ya nyumbani, anawapa mashamba, anawapa na mashemeji wakorofi. Siku nyingine hiyo nayo angeipika bila jasho. Lakini leo kwenye benchi la mbele alikaa Consolée, mjane wa kaka yake, ambaye hakuwahi kukanyaga humo tangu wavuke mpaka wakikimbia vita vya upande wa Beni. Alikuja kwa kuwa shemeji yake alimwomba, tena amevaa kitenge cha kanisani.

Consolée alimheshimu mno, na heshima hiyo ilimlemea Célestin. Alikuwa amemwambia kwamba Christophe, mumewe, alikufa palepale, risasi moja, hakuteseka, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfumba macho. Uongo mtupu! Na kwa uongo huo alikuwa akipakuliwa ugali nyumbani kwa mjane huyo mwaka wa tatu sasa. Aliogopa kitu kimoja tu duniani, kwamba siku moja atajua.

"Tafsiri, bwana! Mutupatie vita!"

Basi akapika. Roboti akalibatiza Kambale, jina la mtoto wa pili. Mzee akamwita Mumbere, jina la wa kwanza, akawafanya ndugu wenye shamba la kahawa mlimani. Nusu ya wanaume waliokaa mle walikuwa na majina hayohayo. Wakacheka, wakaanza kumpenda Kambale, na Célestin naye akanogewa, ole wake. Ulimi ukishanogewa hauna breki.

Mwishoni moto ukatokea, kimoto cha aibu. Roboti likatoka nje likaenda zake. Mzee akabaki nyuma ya kioo anagonga, mdomo unafunguka lakini sauti haitoki. Hata muziki ulinyamaza. Watu wote wakamgeukia mtafsiri.

"Kambale!" Célestin akalia kwenye maiki. "Kambale, usiniache! Unibebe, unajua jembe lilinikata mguu jana! Bale batu ya bunduki beko karibu!"

Watu wakaangua kicheko. Jembe! Wazungu wale wanalima wapi?

Consolée hakucheka. Kidonda kile cha jembe alikifunga yeye kwa mikono yake, kisha akatangulia Butembo na watoto, akamwacha mume aje achukuliwe na mdogo wake, Kambale wa kwao, Célestin huyuhuyu. Aliinuka, akasogea mpaka kwenye kiti cha mtafsiri. Majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda kwenye skrini na Jonan ameshaanza kufungua madirisha.

"Shemeji," akasema taratibu. "Na ile risasi moja?"

Mtu wa maneno yote yale aliinamisha kichwa.

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Na wewe?"

"Nilikimbia, shemeji. Mungu anajua, nilikimbia."

Maiki ilikuwa bado inawaka. Waliokuwa wanatoka wakasimama. Consolée hakupiga kelele, hakumgusa. Laiti angempiga.

"Unisemee vile alisema," akamwambia. "Yote. Ile yako nimeisikia miaka tatu."

Célestin akalaza maiki magotini.

"Alipoona sirudi," akasema, "aliniambia, Kambale, basi hata mlango unifungie."

"Ukafunga?"

"Hapana."