Midomo Wazi

Kwa miaka ishirini na sita nimepiga watu picha bila kumwomba mtu ruhusa. Mteja akiingia studio namkalisha kwenye stuli, namshika kidevu kwa vidole viwili, namgeuza, "Tulia hapo," kazi imekwisha. Hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa binti yangu, ambaye kwenye albamu yote ya nyumbani amenuna tangu ana miaka minne.

Ndiye huyohuyo aliyenitafutia nafasi kwenye kiwanda anakofanya kazi ya mapokezi. Walitaka mpiga picha wa vitambulisho wa kudumu, na jaribio lilikuwa mafundi wanane wageni. Nisipoipata, nafunga studio. Siku hizi kila mtu ana simu yake, mimi nabaki kufukuza nzi.

"Mama, hao usiwashike kidevu," alinionya. "Unawaomba kwanza, kwa Kiingereza: *May I take your picture?*"

Yaani, naomba nikupige picha. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Mara ya kwanza nilitafsiri mwenyewe neno kwa neno, nikatumia neno la kupiga mtu kwa ngumi, binti akacheka mpaka akakaa chini. Basi nikaikariri ile sentensi wiki nzima, nikifagia, nikiosha vyombo, mpaka ulimi ukanyooka.

Siku ilipofika niliitamka bila kukwama hata kidogo. Fundi wa kwanza akakaa, nikasema, nikabonyeza. Wa pili vilevile. Dakika kumi tu, saba wamekwisha, nami nimevimba kichwa.

Meneja akafungua picha kwenye kompyuta. Akaangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na mafaili, nikamwona anafumba macho.

Wote saba midomo wazi! Mmoja hata ulimi unaonekana.

"Mama, umewapiga wakiwa wanakujibu," akaninong'oneza.

"Kwani walikuwa wananijibu?"

"Si umewauliza?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wiki nzima nimejifunza kuuliza, na kusubiri jibu hakukunipitia kichwani hata siku moja. Nilimwomba meneja anipe nafasi nyingine. Akaangalia saa. "Amebaki mmoja. Tuone huyo."

Aliingia mama wa makamo, amejifunga skafu, na shavu la kushoto lilikuwa na kovu la moto. Mkono wangu ulishaanza kwenda. Studio ningemgeuza kidevu kovu lifichike, tena ningejiona nimemsaidia. Nikaurudisha mkono. Nikauliza, nikaondoa kidole kwenye kitufe, nikasubiri.

Hakusema kitu. Nikajua kazi ndiyo imekwenda. Yule mama akanitazama, kisha taratibu akaifungua skafu, akaikunja mapajani, akanielekezea uso wake wote, kovu na kila kitu. Akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Meneja akamwita aje aione. Mama yule aligusa skrini kwa kidole, akasema maneno ambayo sikuyaelewa.

"Anasema wapiga picha wengine huwa wanamkata nusu ya uso," binti akanieleza, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Kesho uwarudie wale saba," meneja akasema. "Halafu tuandikiane mkataba. Lakini uwasubiri, mama!"

Jioni nilimkuta binti yangu jikoni anamenya viazi. Kamera ilikuwa bado shingoni.

"Mwanangu, naomba nikupige picha."

Akaacha kisu. Akainua kidevu kidogo, kama alivyozoea, akingoja vidole vyangu. Niliweka mikono nyuma.

"Unaniomba mimi?"

"Nakuomba wewe."

Akaanza kutabasamu, akajizuia. "Ngoja basi ninawe mikono, nivae na ile blauzi ya bluu."

Alichukua muda wake huko chumbani, nami nikasubiri.