Kadi Inayokuja na Mwenyewe

Fundi aliilaza laptopu kifudifudi juu ya taulo, akafungua skrubu moja moja na kuzitia kwenye kifuniko cha kopo. Mwenye laptopu, mkunga mstaafu ambaye hata wasio ndugu zake walimwita Mama Mkubwa, alisimama ng'ambo ya meza ameshika mkoba kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Mgonjwa ndiye huyu," fundi alisema, akachomoa kadi ya waifai, kipande chembamba mfano wa stempu. "Imekufa. Umejuaje kwamba ni mtandao?"

"Mwanangu kaniambia. Yuko mbali, huko kazini kwake. Kila nikimpata ananiambia, mama, mtandao wako mbovu, sikuoni vizuri, tutaongea siku nyingine."

Fundi akajaribu kadi mpya. Haikuingia, meno yake yalikuwa ya mashine za siku hizi. Akatafuta nyingine, hiyo ikakaa sawasawa, nyaya mbili zikabana juu yake, lakini alipowasha mashine ikagoma njiani na kuandika kwamba kifaa hicho haikitambui.

"Hizi za zamani ni kama mama mkwe," fundi alieleza. "Mgeni anaweza kuwa na adabu zake zote, lakini kama kiwandani hawakumtambulisha, hapiti mlangoni."

"Na zile za kuchomeka pembeni?"

"Matundu yako ya pembeni yote yamekufa, mama."

Alifikiri kidogo, kisha akavuta droo na kutoa kadi iliyofungwa kwenye karatasi. Ilitoka kwenye laptopu ya aina ileile kabisa, kwa hiyo ingekubali. "Tatizo lake dogo tu," alisema. "Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa jiografia, sasa ni marehemu. Inakuja na mwenyewe."

"Ni msumbufu?"

"Hata. Anataka kiti tu."

Mama Mkubwa alisema viti anavyo, tena vingi.

Jioni alipoiwasha nyumbani, mtandao wa nyumba haukuonekana. Ulionekana mmoja tu, umeandikwa Mwalimu, alama zake zimejaa. Alipoubonyeza, mlango ukabishwa. Akaingia mzee mrefu aliyevaa sweta la kijivu, akavua viatu, akasalimia, akakaa kwenye kiti cha ukutani. Muda wote aliokaa, mtandao ulikuwepo. Akienda dirishani kutazama nje, ulipungua; akirudi, ulijaa. Mama Mkubwa akamsogezea kiti karibu na meza, kwa sababu hakuna haja ya mtu kukaa ukutani kama mshtakiwa.

Akampigia mwanawe. Kijana akapokea. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba mama aliona mvi mbili tatu kwenye ndevu zake, mvi ambazo hakuna aliyemwambia habari zake.

"Mama! Umebadilisha nini? Nakuona kabisa."

"Kadi. Nimeweka kadi."

"Na huyo nyuma yako nani?"

"Mwenye mtandao. Ni marehemu."

"Oh. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mwalimu alijibu. "Hujambo huko?"

"Sijambo." Kijana alitazama pembeni, akatazama saa, akajikuna shavu. Mama alianza kumweleza habari za goti lake. Hakufika mbali. "Mama, samahani, sasa naona tatizo liko huku kwangu. Mtandao wa huku ndio unasumbua. Tutaongea siku nyingine, sawa?"

Mama aliitikia sawa. Kwenye kioo mwanawe alionekana wazi mpaka kidole chake kilipofika kwenye kitufe.

Wiki ile alipiga tena na tena. Simu iliita vizuri, bila mkwaruzo wowote, mpaka ikachoka yenyewe. Mwalimu alikuja kila jioni, akavua viatu, akakaa. Zaidi ya salamu hakuzungumza mpaka siku mama alipoondoa mikono yake kwenye mashine na kuiweka mapajani.

"Unaye huyu mmoja tu?" mwalimu aliuliza.

"Mmoja. Watoto wa watu nimepokea wengi, nusu ya mtaa huu. Wangu ni huyo."

"Mimi ninao wanne."

"Wao walikuwa wanasema nini?"

"Walikuwa na shughuli." Mwalimu alivuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole, ingawa hakukuwa na baridi. "Mtandao wangu haukuwahi kukatika hata siku moja. Ulikuwa wazi nilipokufa. Mwenye nyumba ndiye aliyeuzima, alipokuja kudai chumba chake."

Mama Mkubwa aliona pole imechelewa. Aliigeuza laptopu ikakaa katikati, ili kila mmoja aweze kukiona kioo, akavuta kiti chake upande ule aliokaa mwalimu. Wakasubiri. Alama zilikuwa zimejaa zote.